Saa Kongwe za Wapiga Mbizi: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kibaki

Saa ya kupigia mbizi ni saa ya mkono iliyobuniwa ili kumwambia mzamiaji jambo moja ambalo uhai wake unalitegemea: amekaa chini ya maji dakika ngapi. Hewa ya mtungi ina kikomo, na anayepanda juu kwa pupa baada ya kukaa kilindini muda mrefu huhatarisha mwili wake. Kwa hiyo saa hizi zilipewa kasha lisilopitisha maji, uso mweusi, mishale mipana yenye rangi ya kung'aa gizani, na pete ya juu inayozunguka. Kabla ya kuzama, mzamiaji huzungusha pete hiyo mpaka alama yake kuu ikabiliane na mshale wa dakika. Baada ya hapo husoma kwenye pete dakika zilizopita, bila kupiga hesabu yoyote.

Leo kazi hiyo inafanywa zaidi na vifaa vya kompyuta vinavyovaliwa mkononi, na saa za zamani zimegeuka kuwa vitu vya kukusanywa. Zinazotafutwa sana ni zile zilizotengenezwa kuanzia 1953 hadi miaka ya 1980. Zilikaa kwenye chumvi, jua na misukosuko, na nyingi zimepita mikononi mwa mafundi mara kadhaa. Kila anayekusanya saa hizi hukutana na swali lile lile: je, saa iliyobadilishwa vipuri bado ni saa ile ile?

Zilivyoanza

Mwaka 1926 Rolex walitoa saa ya Oyster, ambayo mfuniko wake na ufunguo wa pembeni vilikazwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Mwaka uliofuata mwogeleaji wa Uingereza Mercedes Gleitze aliibeba katika maji baridi ya mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Baada ya saa nyingi majini, Oyster ilitoka ikiwa bado inatembea. Ilikuwa imeshinda maji, lakini haikuwa bado saa ya mpiga mbizi, kwa kuwa haikuwa na njia ya kuhesabu muda wa kukaa chini.

Hitaji hilo lilikuja baada ya 1943, pale Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipotengeneza kifaa cha kupumulia kilichomwezesha mtu kuogelea huru chini ya maji akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Wazamiaji wa kivita wa Ufaransa, chini ya Robert Maloubier na Claude Riffaud, walitaka saa ya kazi. Waliipata kwa Blancpain, kampuni ya Uswisi iliyoongozwa na Jean-Jacques Fiechter, ambaye naye alikuwa mpiga mbizi. Saa hiyo ya 1953 iliitwa Fifty Fathoms, yaani pima hamsini, kipimo ambacho mvuvi yeyote wa mwambao anakijua. Ni kina cha mita 91 na ushei.

Mwaka huo huo Rolex walitengeneza Submariner, wakaionyesha hadharani mjini Basel mwaka 1954. Omega walifuata na Seamaster 300 mwaka 1957. Seiko wa Japani waliingia mwaka 1965 na saa ya kina cha mita 150. Mwaka 1967 Doxa walitoa SUB 300 yenye uso wa rangi ya chungwa, na Rolex wakaleta Sea-Dweller kwa wazamiaji wa kazi za kilindini. Wazamiaji hao huishi siku nyingi katika vyumba vyenye mchanganyiko wa gesi ya heliamu. Chembe za gesi hiyo ni ndogo mno, hupenya hadi ndani ya saa, na shinikizo linapopunguzwa huweza kukirusha kioo. Sea-Dweller ilipewa tundu la pembeni la kuitoa gesi hiyo. Seiko walichagua njia nyingine: saa yao ya mita 600 ya mwaka 1975, yenye kasha la titani, ilizibwa kiasi cha kuizuia heliamu isiingie.

Kwa nini vipuri vilibadilishwa

Mwenye saa hizi wakati ule hakuwa na sababu ya kuzienzi kama vitu vya makumbusho. Zilikuwa vitendea kazi kama kisu na miwani ya kuzamia. Saa ilipopelekwa kwa fundi, aliyeipeleka alitaka irudi ikitembea, isiyoingiza maji, na inayosomeka gizani. Uso uliopata madoa uliondolewa, ukawekwa mpya. Mishale iliyopoteza mng'ao ilibadilishwa. Kasha lilipigwa msasa mpaka likameremeta. Vilivyoondolewa mara nyingi vilitupwa, na mteja aliondoka ameridhika. Hiyo ilikuwa huduma njema, na wala hapakuwa na udanganyifu ndani yake.

Thamani ndiyo iliyogeuka baadaye. Wakusanyaji walipoanza kuzisoma saa hizi kama ushahidi wa enzi yake, kile kilichokuwa matengenezo mazuri kikaonekana ni upotevu. Uso ulioachwa na madoa yake ukawa na bei kubwa kuliko uso mpya uliotoka kwa kampuni ile ile. Ndiyo maana saa mbili za aina moja na za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa bei, ingawa zote mbili zinatembea vizuri.

Vipuri vinavyopaswa kubadilishwa

Kuna vipuri vilivyowekwa ili vichakae na kuondolewa. Cha kwanza ni mipira ya kuzuia maji, iliyoko chini ya mfuniko wa nyuma, kwenye ufunguo na kandokando ya kioo. Mpira huo hukauka, hupasuka au huyeyuka na kugeuka kama lami. Anayeuacha kwa kisingizio cha kulinda uasili anaikaribisha kutu, na kutu ikishaingia hula mashine na uso pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kundi hilo hilo lina kamani, ile springi ya chuma inayoiendesha saa, pamoja na mafuta yaliyoganda na magurudumu yaliyolika meno. Hakuna mkusanyaji makini anayeishusha hadhi saa kwa sababu ya kamani mpya. Kioo nacho, hasa cha plastiki kilichotumika kwenye saa nyingi za zamani, hukwaruzika na kupasuka. Mikwaruzo midogo huondoka kwa kusuguliwa na dawa laini, lakini kioo kilichopasuka lazima kibadilishwe. Ufunguo wa pembeni ambao meno yake ya skrubu yameisha hauzibi tena, nao hauna budi kwenda. Ukihifadhiwa baada ya kuondolewa, hakuna kilichopotea.

Katikati vipo vile vinavyosameheka: mkanda na pete ya juu. Mikanda ya mpira na ya nailoni haikutarajiwa kudumu, na mingi haipo tena. Mikanda ya chuma ilidumu zaidi, na ile ya asili huongeza bei. Kibati chenye namba kilichobandikwa juu ya pete kilikwaruzika upesi, kikabadilishwa bila kufikiriwa mara mbili. Kilichosalia tangu mwanzo kinaweza kuwa kimefifia kutoka weusi hadi kijivu au samawati kwa sababu ya jua, na mfifio huo leo unapendwa.

Vipuri vinavyobeba ushahidi

Uso wa saa ndio moyo wa suala hili. Juu yake kuna jina la kampuni, kina kinachovumiliwa, na alama ndogo zinazotaja enzi. Rangi ya kung'aa gizani iliyopakwa juu yake ni kalenda ya aina yake. Saa za miaka ya 1950 zilitumia rediamu, madini yenye mnururisho ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Kuanzia miaka ya 1960 watengenezaji wengi walihamia tritiamu, iliyo hafifu zaidi. Saa nyingi za Uswisi za enzi hiyo zina herufi T karibu na neno SWISS chini ya uso. Blancpain walifika hadi kuchapa kwenye baadhi ya Fifty Fathoms alama ya mnururisho iliyofutwa kwa msalaba, ili mnunuzi ajue kuwa haina rediamu. Katika miaka ya 1990 ikaja rangi isiyo na mnururisho kabisa, iliyovumbuliwa Japani na kampuni ya Nemoto.

Kutokana na mfuatano huo mtu anaweza kuipima saa kwa taa tu. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, hivyo kwenye saa ya 1970 haijabaki hata sehemu 1 kati ya 20. Ikimulikwa hung'aa kidogo na kufifia haraka. Uso unaodaiwa kuwa wa 1970 lakini unawaka kijani kibichi kwa saa nzima baada ya kumulikwa umepakwa rangi upya, au si wa mwaka huo. Kwa kuwa uso na mishale vilitoka kiwandani pamoja, rangi zao zinapaswa kuzeeka kwa kufanana. Mishale myeupe juu ya uso wenye nukta za rangi ya maziwa yaliyochemshwa ni dalili kwamba kimojawapo kilikuja baadaye.

Rediamu inahitaji tahadhari ya peke yake. Hata pale ambapo haing'ai tena, mnururisho wake upo pale pale. Kilichochoka ni unga uliokuwa ukitoa mwanga. Vumbi lake likivutwa puani au kumezwa ni hatari, kama walivyothibitisha kwa maisha yao wasichana wa Marekani waliopaka nyuso za saa katika miaka ya 1910 na 1920, wakichonga ncha za brashi kwa midomo. Saa ya namna hiyo haifunguliwi nyumbani, na rangi yake haikwaruzwi kamwe.

Kasha nalo lina ushahidi wake. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na kingo kali na masikio manene ya kushikia mkanda. Kila msasa unaopigwa hula chuma, na baada ya misasa mitatu au minne kingo huwa mviringo na masikio hukonda. Chuma kilichokwisha hakirudi. Siku hizi kuna mafundi wanaojaza chuma kwa kuchomelea na leza kisha kuchonga upya kingo, kazi ya ustadi mkubwa, lakini umbo linalopatikana ni la fundi wa leo. Mikwaruzo ya kawaida ni afadhali ibaki.

Ngazi za vipuri

Si kila kipuri kilichobadilishwa kina hadhi moja, na wanaojua saa huvitenga katika ngazi nne. Ya juu kabisa ni kipuri kilichozaliwa na saa yenyewe. Ya pili ni kipuri halisi cha aina ile ile na cha enzi ile ile kilichotoka kwenye saa nyingine. Hicho hakiharibu sura ya saa, lakini kinapaswa kutajwa. Ya tatu ni kipuri cha huduma, yaani kile ambacho kampuni yenyewe ilikitengeneza baadaye kwa ajili ya matengenezo. Ni halisi kwa jina, ila mara nyingi maandishi au rangi yake hutofautiana na ya mwanzo. Ya nne ni kipuri cha kuiga kilichotengenezwa na watu wasiohusiana na kampuni.

Chini ya ngazi zote nne kuna uso uliofutwa na kuchapwa upya, kwa sababu hapo cha asili kimeharibiwa na hakiwezi kurudishwa. Uso wa huduma ukiondolewa, ule wa zamani unaweza kuwekwa tena iwapo ulitunzwa.

Seamaster 300 ya miaka ya 1960 inaonyesha ugumu wa ngazi hizi. Omega waliendelea kutengeneza vipuri vya huduma vya saa hiyo kwa muda mrefu: kasha, uso, mishale, pete. Baadhi ya watu walivinunua vyote, wakavifunga kwenye mashine ya Seamaster ya kawaida ya enzi hiyo. Kila kipande cha saa hiyo ni halisi cha Omega, na saa yenyewe inaweza kuwa nzuri ya kuvaa. Hata hivyo haikuwahi kutoka kiwandani katika miaka ya 1960 kama Seamaster 300. Akiiuza mtu kwa kusema ilivyo, ametenda haki. Akiiuza kama ya asili, amedanganya.

Hata walio wakubwa wamejikwaa. Mwaka 2021, katika mnada mjini Geneva, saa ya Omega Speedmaster ya 1957, ndugu wa Seamaster 300 waliozaliwa mwaka mmoja, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Haikuwa saa ya kupigia mbizi, lakini somo lake ni la wote. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali.

Mfano wa Seiko na mfano wa Oman

Mkusanyaji wa kipato cha kawaida hukutana zaidi na Seiko, hasa 6309 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988. Ni saa inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, inayoonyesha siku na tarehe, ya kina cha mita 150, na ufunguo wake umekaa usawa wa mahali pa namba 4. Ilikuwa ya bei nafuu na imara, ikasambaa mabara yote. Kwa sababu hiyo hiyo vipuri vyake vya kuiga ni vingi mno, kiasi kwamba mtu anaweza kuivisha mashine moja ya zamani nguo mpya kabisa kuanzia kioo hadi mkanda.

Namba za saa hiyo husaidia kuisoma. Tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo nyuma ya kasha ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi, huku Oktoba, Novemba na Desemba zikiwakilishwa na herufi O, N na D. Namba inayoanza na 79 ni ya Septemba 1977 au Septemba 1987. Muongo hautajwi, hivyo umbo la kasha na maandishi ya uso ndivyo vinavyoamua. Kwenye Seiko za mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuna kipimo kingine: kampuni iliacha kuandika neno PROOF ikaanza kuandika RESIST. Uso wenye neno moja na mfuniko wenye neno jingine huashiria kwamba saa mbili zimekutana ndani ya moja.

Mfano wa pili uko jirani zaidi na historia ya mwambao. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos bin Said wa Oman aliagiza saa za Rolex, zikiwemo Submariner na Sea-Dweller, zenye nembo ya nchi yake: jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London na kutolewa zawadi, nyingine kwa askari wa Uingereza waliotumikia Oman. Kwenye saa hizo chapa ndogo ya jambia katika uso ndiyo inayobeba habari nzima. Uso huo ukiondolewa na kuwekwa wa huduma, saa inakuwa Submariner kama nyingine yoyote, na kisa chake kinabaki mdomoni mwa mwenyewe. Upande wa pili, chapa ndogo ni rahisi kuigiza, kwa hiyo anayenunua saa ya jambia hutakiwa kuuliza karatasi kabla ya kuuliza bei.

Kuipima saa kabla ya kununua

Uchunguzi mzuri hufuata mpangilio. Kwanza hutazamwa namba za kasha, za mashine na za aina ya saa, ili kuona kama zinakubaliana na mwaka unaotajwa. Kisha uso hukaguliwa kwa lenzi: maandishi ya asili ni makali na yamenyooka, ya kuchapwa upya mara nyingi ni manene na yamevimba pembezoni. Hufuata rangi ya kung'aa, mishale, pete na unene wa masikio. Mwisho mfuniko hufunguliwa na fundi, na mashine hutafutwa kutu na mabaki ya maji. Muuzaji anayekataa saa ifunguliwe ameshatoa jibu.

Baada ya hapo ndipo mizani huwekwa. Anayetaka saa ya kuvaa kila siku anafaidika na saa yenye uso wa huduma na mipira mipya, tena kwa bei nafuu. Anayetaka kuhifadhi historia anapaswa kutafuta uso, mishale na kasha vilivyoanza pamoja, na kuvumilia madoa yake. Wote wawili wako sahihi. Anayekosea ni yule anayelipa bei ya saa ya pili na kupewa ya kwanza.

Wala uasili hauirudishi saa baharini. Kina kilichoandikwa usoni ni ahadi ya siku ilipotoka kiwandani, wakati mipira ilikuwa mipya na kasha halijaliwa na chumvi. Saa yoyote ya miaka 40 au 50 haifai kuingizwa majini kabla fundi hajaipima kwa mashine ya shinikizo, na nyingi ni bora zikae nchi kavu. Katika miji ya mwambao, ambako hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, ifutwe jasho kila ivuliwapo na kuwekwa pakavu.

Kwa mwenye saa ya namna hii, iwe ya mamilioni au ile Seiko ya babu iliyolala sandukuni, kanuni ni chache. Aelewane na fundi kabla ya kazi kwamba hakuna msasa wala uso mpya bila ruhusa. Kila kipuri kinachotolewa kirudishwe kwenye kifuko, hata kama kimevunjika. Tarehe ya matengenezo na kilichobadilishwa viandikwe, na karatasi hiyo iifuate saa iendako. Mali bila daftari huisha bila habari, na saa yenye daftari lake humweleza mrithi ukweli wote: kilichozaliwa nayo, kilichoongezwa, na sababu yake.